Raba Haipendi Mafuta

Jumatatu, 4 Agosti

Maji, mitungi minne. Uji wa Ata. Kufagia. Kemia kurasa mbili tu, kisha joto likanishinda. Baba yuko chini ya pikapu tangu alfajiri. Nimeisalimia miguu yake.

Shule ilifungwa Ijumaa na nimerudi Kakuma. Nyumba bila Mama ni kubwa mno. Ata, mama yake Baba, amehamia kwetu kutoka Nakalale ili tusikae wenyewe. Anapika, anaimba, anagombana na mbuzi. Nyumba bado ni kubwa.

Mama yuko hospitali, Lodwar, karibu na shule yetu. Wiki ya saba. Mfupa wa paja. Wakati wa shule nilikuwa nikienda kumwona kila Jumapili niliyopewa ruhusa. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya chuma. Hakulia mbele yangu. Mimi nililia njiani nikirudi bwenini.

Niandike lililotokea, sijawahi kuliandika. Ilikuwa Juni. Baba akiendesha, Mama amekaa nyuma juu ya magunia. Waliteremka kwenye lagga, mto mkavu wa mchanga. Baba akakanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini kama imekanyaga hewa. Bomba moja jembamba lilikuwa limepasuka karibu na gurudumu la nyuma. Moja tu. Lakini pikapu yetu ni ya zamani, imemzidi Baba umri, na masta yake ya breki, yaani kile kichuma kinachosukuma maji ya breki hadi magurudumuni, ina chumba kimoja. Magurudumu yote manne yanakunywa hapo. Likitoboka bomba moja, yote yanakauka pamoja. Gari likagonga ukingo wa pili. Mama akarushwa.

Baba hakupata hata mkwaruzo. Nadhani hilo linamwaibisha kuliko yote.

Jumanne, 5 Agosti

Mama amepiga simu. Daktari atamruhusu Alhamisi ya wiki ijayo. Wamemfunga plasta kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Hawezi kukaa. Lazima alale chali njia nzima. Magari ya abiria hayana nafasi ya mtu kulala, na gari la wagonjwa huleta wagonjwa, halirudishi waliopona.

Baba aliweka simu kwenye spika, tukasikia wote. Akasema atakuja kumchukua kwa pikapu, ataweka godoro nyuma.

Mama akauliza: "Ileile?"

"Naibadilisha breki. Naweka masta ya vyumba viwili."

"Mimi sijui vyumba. Mimi najua hiyo kitu ilinitupa."

Akakata. Baba alibaki ameshika simu mbele ya mdomo muda mrefu kama vile bado kuna mtu anazungumza.

Jumatano, 6 Agosti

Tumekwenda kambi ya wakimbizi, kwa Mzee Mbuyi. Ni fundi kutoka Kongo, mwenye mvi na ovaroli iliyopauka. Karakana yake ni turubai na miti minne, lakini spana zake zimepangwa kama vitabu vya maktaba. Alikuwa amempatia Baba masta kutoka pikapu ya aina yetu, ila changa zaidi. Imetumika. Ndani ni safi, haina kutu. Raba zake zimekwisha, kwa hiyo zimo mpya ndani ya pakiti.

Alinieleza mimi, si Baba, kwa sababu ndimi niliyeuliza. "Chumba ya mbele inakulisha magurudumu ya mbele. Ya nyuma inakulisha ya nyuma. Moja ikikufa, ingine inabakia. Ni kama figo, mutoto. Mungu alikuwa fundi muzuri, hakuweka figo moja."

Akanionyesha raba. Ndogo, nyeusi, zina umbo la kikombe. "Sasa sikia. Hii iko na wivu. Haipendi mafuta. Ya kupika, ya moteri, ya kupaka nywele, hapana! Inapenda maji yake tu. Ukiipa mafuta inavimba kama shavu ya mutu wa jino."

Ndani ya pakiti kulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Baba alinipa niisome kwa sauti na kuitafsiri. Ilisema lilelile, bila jino. Baba akasema: "Wewe una macho ya kusoma, mimi nina mikono. Tukiwa wawili tutaweza."

Nilijivuna. Nimeiweka karatasi ndani ya daftari la Fizikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Masta ya zamani imetoka. Nati mbili, saa tatu, ngozi ya vidole vya Baba. Matundu ya boliti yanakubali masta mpya lakini mabomba hayakubali. Uzi wa nati zake ni mwingine. Tena bomba la zamani ni moja na sasa yanatakiwa mawili. Baba ameyapima kwa kamba ya kiatu.



Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimefanya jambo baya. Au nimeacha kufanya jambo zuri. Sijui lipi.

Baba alikwenda kwa Mzee Mbuyi kukata mabomba mapya na kuyapanua midomo. Aliniachia masta. Tulikuwa tumeifungua juu ya meza ya uani na kuiosha kwa maji ya breki, na raba tumezipanga mstari juu ya kitambaa changu cheupe cha shule. Aliniambia: "Kaa hapa. Usiruhusu vumbi wala kuku."

Sikuruhusu vumbi wala kuku. Akaja Ata.

Alikuwa na kibuyu chake kidogo cha mafuta ya mkia wa kondoo. Alinipaka mimi kwanza, paji la uso na kifuani. Kisha akapaka chuma. Alisema gari hilo limemwaga damu ya mtu, na chuma kipya hakiingii ndani yake hivihivi, lazima kipozwe. Alizungumza nacho kwa sauti ya chini. Akamtaja Mama kwa jina lake. Akamtaja Baba kwa jina la utotoni. Kisha akachukua raba moja baada ya nyingine, akazipaka kwa kidole gumba, polepole, kama anavyompaka mtoto mchanga.

Nilijua. Nilikuwa nimeisoma ile karatasi kwa sauti yangu mwenyewe. Nilifungua mdomo na haukutoka hata mlio. Mzee hakatizwi akiwa katikati ya baraka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hivyo ni yeye. Na niseme ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: niliitaka ile baraka. Nilitaka chochote kinachoweza kumrudisha Mama.

Alipoondoka nilizifuta kwa kitambaa. Nikazifuta tena. Bado ziling'aa kidogo. Nikajiambia yatosha.

Baba aliporudi aliuliza kama kuku walikuja. Nikasema hapana.

Jumamosi, 9 Agosti

Masta imefungwa. Leo tulitoa hewa. Kazi ya watu wawili: mimi kwenye pedali, Baba chini kwenye gurudumu na spana na chupa.

"Kanyaga." Nakanyaga. "Shika." Nashika. Anafungua, hewa na maji vinatoka vikikohoa, mguu wangu unazama. Anafunga. "Achia." Naachia. Gurudumu la mbali kwanza, la karibu mwisho. Mara ngapi sijui. Paja langu linatetemeka hata sasa.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba hewa hubanwa, maji hayabanwi. Leo nimelijua hilo kwa unyayo. Mwanzoni pedali ilikuwa laini kama kukanyaga godoro. Mwishoni ilikuwa ngumu na ya juu. Baba alikuja akaikanyaga mwenyewe. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Juni.

Ndiyo maana sikusema. Angalau leo.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Ata aliwaambia watu wote waliosimama kwenye kivuli kwamba gari la mwanawe limeponywa. Walimpongeza. "Ejok, ejok," vizuri, vizuri. Aliwaambia mimi nilikuwepo, niliona. Nikaitika kwa kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba ameendesha hadi Kalobeyei na kurudi. Breki nzuri. Ilisimama kila alipotaka. Ata alisema: "Mnaona?"

Pengine Mzee Mbuyi hutia chumvi. Pengine mafuta ya kondoo si kama ya injini. Niliomba iwe hivyo, kwa magoti.

Jumanne, 12 Agosti

Imeanza.

Baba alitoka asubuhi kujaza mafuta na akarudi kwa gia ya pili, injini ikilia. Harufu ya kuungua iliingia mpaka jikoni. Alinyunyiza maji kwenye gurudumu la mbele, yakachemka papo hapo. Breki zinashika na hazitaki kuachia. Alifungua kifuniko cha masta, akainama, akatazama. Akakifunga.

Akasema ni kile kijiti kati ya pedali na masta, ni kirefu mno, kinaisukuma hata mguu ukiwa umeondoka. Alikifupisha. Mimi nilishika tochi. 

Si kijiti.

Jumatano, 13 Agosti

Amekifupisha tena. Amelegeza shuu zinazobana magurudumu yote manne. Mchana pedali ilikuwa ngumu kama jiwe na gari halikuweza kujitoa uani. Lilitetemeka tu, likazimika.

Kesho ndiyo siku ya Mama.

Baba alimpigia. Hakwenda nje wala hakuzima spika. Alisema: "Sijaweza."

Mama akasema: "Najua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningelala vizuri zaidi. Alisema kama mtu aliyejua tangu mwanzo, aliyekwisha kujipanga. Mdogo wake, Mama mdogo, anakaa nyuma ya soko la Lodwar. Watambeba huko kwa machela.

Ni mimi. Si Baba. Ni mimi. Nimeliandika mara mbili na bado sijamwambia mtu yeyote.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamembeba. Mama mdogo ametuma ujumbe. Mlango wa chumba chake ni mwembamba na kitanda hakikuingia, kwa hiyo Mama analala sakafuni, juu ya mkeka na mablanketi. Plasta inamwasha kwa joto. Anageuzwa na watu wawili kila anapotaka kwenda haja.

Baba ameketi kwenye pikapu mchana kutwa, milango imefunguliwa, mikono kwenye usukani. Injini haikuwashwa. Jirani alipita akatania: "Unaenda wapi, mzee? Nipe lifti!" Baba hakugeuka. Jirani akaacha kucheka, akaondoka polepole.

Jioni Baba alisema atamwita mtu wa vyuma chakavu. Alisema mikono yake imekwisha. Ana miaka arobaini na sita na alisema hivyo akiitazama mikono kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Sikula. Siwezi kusoma. Najichukia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia.

Alikuwa akinawa uso. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema: Ata alipaka raba mafuta ya mkia wa kondoo, na mimi nilikuwa pale, na nilijua, na nilinyamaza, na nilikudanganya.

Aliendelea kunawa. Kisha akajifuta kwa shati lake. Akasema: "Nilijua."

Sikuelewa. Akarudia. Alijua tangu Jumanne. Alipofungua kifuniko aliona matone ya mafuta yakielea juu ya maji ya breki, na harufu yake aliitambua, kwa sababu amepakwa mafuta hayohayo tangu azaliwe.

Nikamuuliza, basi kile kijiti? Zile shuu?

Akasema alitaka Ata aone anafanya kitu. Asiulize.

"Ningemwambia nini, Akiru? Mama yangu ameniombea. Nimwambie maombi yake yameharibu gari?"

Kwa hiyo alimwambia Mama ameshindwa. Alikubali kuonekana hajui kazi, mbele ya mke wake, mbele ya jirani, mbele yangu, kuliko kumwaibisha mama yake. Na mimi nilikubali aonekane hivyo. Tulikuwa wawili, kila mmoja na siri ileile, tukishikiana tochi.

Nilimkasirikia. Sijawahi kumkasirikia Baba. Nilimwambia Mama analala sakafuni kwa sababu ya adabu yetu. Nilisema kwa sauti, tena mbele ya uso wake. Hakunikemea. Aliondoka akaenda kukaa upande wa pili wa gari.

Jumamosi, 16 Agosti

Mzee Mbuyi amekuja kwetu na mfuko wake. Baba hakumwita mtu wa vyuma chakavu. Alimwita yeye.

Masta ilifunguliwa tena juu ya meza ileile. Raba hazikutoka kwa urahisi, ilibidi zisukumwe. Zilikuwa zimenenepa na kulainika, midomo yake imekunjamana. Mzee Mbuyi aliweka moja kwenye kiganja, akaibonyeza, akainusa. Akatutazama, Baba kisha mimi. Akanusa tena.

"Hii ni kondoo."

Baba aliokota spana, akaanza kuifuta.

"Miaka makumi tatu niko fundi. Nimeona watu wanatia sabuni. Nimeona mafuta ya mawese. Mumoja alitia soda! Lakini kondoo..." Akaanza kucheka, kisha akamwona Ata kwa mbali akichambua maharagwe, na akaacha. Akaelewa. Hata kwao wako watu kama hao, alisema, nyanya yake alikuwa akitemea baiskeli mate ya baraka. Lakini baiskeli haina raba ndani.

Hukumu yake: raba zote zitolewe, za masta na za magurudumu, maana mafuta yametembea kila mahali. Mabomba yaoshwe. Mpya zitakuja na lori kutoka Kitale, labda Jumatano. Masta yenyewe ni nzima.

Alipokuwa akiondoka alimshika Baba bega. "Na mwenye kupaka, amejua?"

Baba akasema hapana.

"Basi Jumatano atapaka tena. Kwa nini asipake? Anaona ya kwanza haikutosha."

Aliondoka. Baba aliitazama miguu yake. Mimi pia.

Jumapili, 17 Agosti

Baba alisema atamwambia baada ya kanisa. Baada ya kanisa akasema baada ya chakula. Baada ya chakula alichukua ndoo akaenda kutafuta maji ambayo tulikuwa nayo.

Nilichukua raba moja iliyovimba, na nyingine ya zamani kabisa, iliyotoka kwenye masta ya kwanza, ambayo imechakaa lakini haijavimba. Nikaziweka mbele ya Ata juu ya kanga. Nilipiga magoti. Sikujua mikono niiweke wapi.

Nilimwambia yote. Raba, mafuta, karatasi, kuvimba. Nilisema kosa ni langu kwa kuwa nilijua.

Alizishika zote mbili. Alizibonyeza kama anavyobonyeza kiwele. 

"Baba yako anajua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jumanne, Ata."

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa raba. Alisema: "Mlinificha kama mwendawazimu. Nimezaa watoto saba, nimezika watatu. Nimehama na punda wakati wa njaa. Mnadhani habari ya raba itaniua?"

Nikasema tulimheshimu.

"Huko ni kunidharau. Mtoto mdogo ndiye huachwa acheze na kitu kibovu ili asilie. Mke wa mwanangu analala chini kwa watu, mnaniangalia usoni kila siku, mnakula chakula changu, na hamsemi."

Alininyooshea zile raba, nikazichukua. Akageuka upande. Shanga za shingoni mwake zilipanda na kushuka kwa pumzi.

Nilidhani nikisema ukweli nitapata nafuu. Sikupata.

Jumatatu, 18 Agosti

Ata hakunywa uji niliompelekea. Aliuacha ukaota ngozi. Baba alimsalimia, akaitikia kwa mdomo uliofungwa. Amefungasha vitu vyake. Hajasema anakwenda lini.

Mama mdogo anasema Mama ana vidonda mgongoni, vidogo. Ameanza kukataa chakula ili asigeuzwe mara kwa mara.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 19 Agosti

Hakuna lori. Vumbi. Baba ameosha mabomba yote na kuyapuliza kwa mdomo. Mdomo wake una vidonda sasa.

Jumatatu shule inafunguliwa. Sijafungua kitabu kwa siku kumi. Mwalimu wangu wa darasa huniambia mimi ni msichana mwenye kuaminika. Nimeyafikiria maneno hayo siku nzima.

Jumatano, 20 Agosti

Lori limefika saa nne. Raba zimo.

Tulitandika kitambaa, safari hii kipya. Mzee Mbuyi alikuja kusimamia. Nilipokuwa nikizitoa kwenye pakiti nilisikia shanga nyuma yangu. Ata. Kibuyu hakuwa nacho. Mikono mitupu.

Baba alisimama wima kama mwanafunzi.

Ata aliuliza: "Hiki kitu kinakunywa nini?"

Hakuna aliyeelewa. Akauliza tena, sasa akinitazama mimi.

"Kinakunywa maji ya breki, Ata. Hayo tu."

"Yako wapi?"

Nilimpa chupa. Alinusa, akakunja uso. Akasema yananuka dawa ya mbuzi. Kisha akamimina kidogo kwenye kifuniko, akachovya kidole gumba, akachukua raba ya kwanza na kuipaka. Polepole, mdomo wote wa kikombe, nje na ndani. Akamtaja Mama. Ya pili. Akamtaja tena. Nilimtazama Mzee Mbuyi. Alikuwa amevua kofia.

"Iko sawa?" nikamuuliza kwa kunong'ona.

"Njo vile inafanywa," akasema. "Hata mimi nazilowanisha hivyo mbele ya kuziingiza. Mama huyu amefanya kazi yangu."

Ata alipomaliza, Baba alileta beseni na sabuni kwa sababu maji hayo hula ngozi. Alimnawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Ata alimwacha. Alisema, bila kumtazama: "Siku nyingine unaniambia. Hata kama ni maombi."

Baba akasema: "Sawa, Mama."

Vitu vyake bado vimefungashwa. Lakini amekunywa chai.

Alhamisi, 21 Agosti

Kanyaga. Shika. Achia. Magurudumu manne, mara mbili.

Ngumu na ya juu. Baba aliendesha mpaka Kalobeyei, akarudi, akashika kila gurudumu kwa kiganja. Yalikuwa vuguvugu tu. Kisha Mzee Mbuyi akafanya jambo lililonitisha. Alilegeza bomba la nyuma makusudi, maji yakachuruzika, akamwambia Baba aendeshe polepole na akanyage. Pedali ilizama nusu. Gari likasimama. Breki za mbele zilibaki.

Nililia pale uani mbele ya watu. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa na gari limesimama. Kama ingekuwa hivi mwezi wa Juni. Sikuweza kufikiri kitu kingine.

Wakalifunga tena, tukatoa hewa tena. Kesho Lodwar.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumerudi. Wawili, kama tulivyokwenda.

Mama alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, ili apate upepo. Amekonda. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, Mama mdogo alimsuka kwa ajili ya safari. Baba aliegesha karibu kabisa, akashusha kibao cha nyuma, godoro lilikuwa limetandikwa shuka la maua. Nilimweleza Mama yote, hata kondoo. Alitabasamu kidogo kwa kondoo. Kuhusu Ata aliniuliza tu kama anakula.

Wanaume wanne walikuja na machela. Walimnyanyua. Walipofika kwenye gari na kichwa chake kikapita juu ya kibao, alianza kutetemeka. Meno yake yaligongana. Alishika ubavu wa gari na vidole havikutaka kuachia. Hakupiga kelele. Alisema: "Nirudisheni. Nawaomba."

Walimrudisha.

Baba alichuchumaa mlangoni. Alimwambia breki ni nzima, ana hakika, Akiru ana hakika. Mama akasema: "Nimesikia. Nawaamini. Si breki. Ni mimi."

Tulikaa. Mama mdogo alileta chai ya rangi. Baba aliingiza godoro ndani, akalikunja mlangoni likapita, akamlaza Mama juu yake. Angalau haguswi na sakafu tena. Tungeweza kulileta wiki iliyopita. Hakuna aliyelifikiria.

Tulipoaga, Mama alinishika mkono. Akamwambia Baba: "Jumapili, ukimleta huyu shule, pitia hapa na hilo gari. Nitawekwa ndani likiwa limesimama. Usiwashe."

"Sitawasha," Baba akasema.

Njiani nilikaa mbele. Baba aliendesha taratibu, dirisha wazi. Baada ya kilomita nyingi mbuzi walivuka barabara, kundi kubwa, bila haraka, na bibi mmoja nyuma yao akiwafuata na fimbo. Baba akakanyaga. Gari lilisimama sawasawa, halikuvuta upande. Aliacha mguu hapohapo, tukangoja mpaka mbuzi wa mwisho akapita.